Kabla Hujatuma Barua ya Kiingereza Ng'ambo ya Mpaka wa Kasumbalesa

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanaotuletea tuwasahihishie barua za kuwaandikia wasafirishaji wa Ndola au Kitwe, nchini Zambia, hudhani kwamba wamepungukiwa na maneno ya Kiingereza. Maneno wanayo ya kutosha. Kinachowaangusha ni umbo la sentensi, kwa sababu Kiingereza chao kinaegemea Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili.

Tutazame sentensi ya aina tunayoisahihisha mara kwa mara: "The truck is arrived since Monday, is waiting the documents, thank you to send them." Kosa la kwanza limetoka katika Kifaransa, ambamo kitenzi cha kufika huandamana na "être", ilhali Kiingereza kinataka "arrived" peke yake, na siku ya tukio lililokwisha hutanguliwa na "on". La pili limetoka kwetu. Tukisema "linasubiri hati", kiambishi "li" kimekwisha kubeba kiima na sentensi imetimia. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo "it" ni lazima iandikwe, hata kama lori limetajwa sasa hivi. "Wait" nayo haifiki kwenye hati bila "for". Hatimaye kuna mkato: vishazi viwili vinavyoweza kusimama vyenyewe haviunganishwi kwa mkato pekee, bali hutenganishwa kwa nukta au huunganishwa kwa neno kama "and". Baada ya marekebisho tunapata: "The truck arrived on Monday. It is waiting for the documents. Please send them." Wapo wateja wanaoiona barua kama hii kavu mno, wakihofia kwamba heshima imepungua, lakini kwa maoni yetu "please" inatosha, na wakala wa forodha mwenye mafaili mengi mezani hatadai zaidi.

Katika upatanisho, Mswahili ana mtaji asioutumia. Anayeandika kwa makini husema "orodha ya hati imekamilika", kwa kuwa kitenzi hufuata orodha, wala si hati. Lakini mtu huyo huyo huandika "The list of documents are complete", akivutwa na neno lililo karibu. Kanuni ni ile ile, nayo inataka "is".

"We work with this company since 2019" ni kosa gumu kung'oka, maana Kiswahili na Kifaransa vyote viwili huruhusu wakati uliopo hapo. Kiingereza husema "have worked". Kuhusu "he" na "she", angalia tu kwamba bibi mkurugenzi hajageuzwa bwana.

Jambo moja si la sarufi, lakini tunalikagua katika kila ankara: "12,500" kwa msomaji wa Kifaransa ni kumi na mbili na nusu, na kwa msomaji wa Kiingereza ni elfu kumi na mbili na mia tano. Kwa sababu hiyo hatubadilishi tarakimu yoyote kabla ya kumuuliza mteja. Ukituletea barua, lete pia ile unayoijibu. Tutakurudishia nakala safi pamoja na nyingine yenye alama za masahihisho, ili uone kilichobadilishwa na sababu yake.