Barua ya wazi kwa vijana wapiga kinanda mnaotaka kuwa maprodyuza

Wanangu, salamu zenu wote.

Nawaandikia kwa sababu nawasikiliza sana, na mnapiga vizuri, vidole vyepesi kabisa kuliko sisi tulivyokuwa umri wenu, ila nikisikiliza nyimbo mnazowatengenezea watu nasikia kinanda tu, msanii mwenyewe simpati. Kila upenyo mmeujaza. Mwimbaji akipumua kidogo tu, pap, mkono wa kulia umeshaingia na mbwembwe zake. Hilo linaniuma, ndio maana leo nataka tumzungumzie Jimmy Jam, mpiga kinanda na prodyuza wa Marekani, maana wengi wenu mnampenda na mnaiga sauti zake bila kujua alifanyaje kazi.

Jina lake la kuzaliwa ni James Harris III, kazaliwa Minneapolis huko Marekani mwaka 1959, baba yake naye mpiga piano. Yeye na Terry Lewis, mpiga besi, walikutana wangali wanafunzi na mpaka leo wako pamoja. Mwaka 1981 wakawa kwenye The Time, bendi aliyoiunda mwanamuziki Prince, na Prince ndiye alikuwa mwenye amri zote, hata kwenye rekodi za mwanzo za bendi ile vyombo vingi alipiga yeye mwenyewe, wenzake kazi yao ilikuwa jukwaani. Hebu fikiria, uko kwenye bendi kubwa, watu wanakushangilia, halafu kwenye santuri mkono wako haupo. Basi wakaanza kuwatengenezea watu wengine nyimbo pembeni. Mwaka 1983 wako Atlanta na The S.O.S. Band, kundi walilokuwa wanalitengenezea nyimbo, theluji ikamwagika, ndege haziruki, wakakosa shoo ya San Antonio, na baadaye Prince akawatimua.

Watu wakisimulia habari hii husimulia theluji na kutimuliwa. Mimi nataka muone kwamba walipotolewa kwenye bendi tayari walikuwa na kazi mkononi, na wimbo mmoja wa kazi ile ya Atlanta ulipanda mpaka namba 2 kwenye chati ya R&B ya Marekani mwaka huohuo. Kwa hiyo wewe unayetaka kuacha bendi kesho uende ukawe prodyuza na hujawahi kumtengenezea mtu mwingine hata wimbo mmoja ukaisha, tulia kwanza, piga bendi, usiku fanya hizo nyingine.

Sasa tuje kwa mwimbaji Janet Jackson. Mwaka 1985 Janet ana miaka 19, ana albamu mbili ambazo hazikufika mbali, ndoa yake imevunjwa, na ameamua baba yake asisimamie tena kazi yake. Jam na Lewis hawakumfuata Los Angeles, walimwambia aje Minneapolis, na alipofika hawakumkalisha mbele ya maiki. Siku za mwanzo ni kuzunguka naye mjini na kupiga stori, yeye anaongea, wao wanasikiliza, mpaka akauliza jamani kazi tunaanza lini, kumbe kazi ilishaanza, wakamwonyesha mashairi yaliyotoka kwenye maneno yake mwenyewe. Wanangu hapo nawaomba mpasome tena. Huyu ni mpiga kinanda aliyetoka kwenye bendi iliyokuwa inawaka moto, vinanda viko palepale studio, na ameviacha kwanza.

Halafu kuna wimbo wa Nasty, kwenye albamu waliyomtengenezea Janet. Janet alishasimulia kwamba nje ya hoteli kule Minneapolis wanaume walimsumbua na maneno ya hovyo, akawageukia mwenyewe, na hasira ile ikaingia kwenye wimbo. Sasa kinanda kilichobeba wimbo ule ni Ensoniq Mirage, kasampla ka biti 8, yaani kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa, ka bei nafuu ukilinganisha na mitambo mikubwa ya wakati ule, na ile sauti nzito unayoisikia ilikuja na chombo kutoka kiwandani. Yaani kila aliyenunua Mirage alikuwa nayo! Kwa hiyo mnapokesha mnagombana plagini, hizo programu za sauti za kwenye kompyuta, ya nani kali na nani kapakua maktaba gani ya sauti, mimi nashindwa kuwaelewa, sauti ilikuwa ya kila mtu ila hasira ilikuwa ya Janet peke yake, na aliyezikutanisha ni mtu aliyekuwa amekaa akasikiliza. Albamu ile, Control, ilitoka 1986 ikashika namba 1 Marekani, na mwaka 1987 Jam na Lewis wakachukua Grammy ya prodyuza wa mwaka.

Ila nisiwafiche upande mwingine. Mwaka huohuo wa 1986 walifanya kazi na The Human League, kundi la Uingereza lililozoea kupiga sinthesaiza zake lenyewe, yaani vinanda vya kutengeneza sauti kwa umeme, na mambo hayakwenda kama kwa Janet. Nyimbo nyingi za kundi ziliwekwa pembeni, wanakundi wakajiona wageni kwenye albamu yao wenyewe, mwishowe wakaondoka kurudi kwao wakawaacha maprodyuza wamalizie. Wimbo wa Human kutoka albamu hiyo ukashika namba 1 Marekani, sawa, lakini nani anataka msanii wake aondoke studio na moyo ule? Kwa maoni yangu namba 1 haifuti hilo. Hata fundi mkubwa anaweza kuacha kusikiliza, sembuse wewe uliyeanza juzi.

Na hela, maana najua mnasubiri nifike hapo. Jam amesema mara nyingi kwamba yeye na Terry hawana mkataba wa maandishi, walipeana mikono, nusu kwa nusu, na ukiangalia nyimbo zao utakuta majina yote mawili bila kujali nani alipiga nini siku ile. Nyie msiige hilo la mkono mtupu, undugu wa namna ile ni nadra. Ila igeni hili: kwenye Control jina la Janet limo kama mtunzi mwenza kwenye nyimbo nyingi na prodyuza mwenza pia. Maneno yametoka mdomoni kwake, basi na jina lake likaandikwa. Nyie mnachukua stori ya binti wa watu, mnaitungia wimbo, kwenye mgao anakuwa mwimbaji tu. Acheni kabisa. Kabla hamjazima mitambo usiku huo kaeni wote, andikeni nani katunga nini na mgao wake ni asilimia ngapi, kila mtu asaini, na msanii aondoke na nakala yake.