Mjomba, yule dogo wa vishale uliyeniuliza

Shikamoo mjomba, na wote hapo nyumbani natumai hamjambo. Sisi huku wazima, baridi tu ndo inatutesa, saa kumi jioni giza limeshaingia mtu unajifungia ndani kama kuku. Uliniuliza kwenye simu yule mtoto anayerusha vishale ambaye video zake zimezagaa kila mahali ni nani na kwani kurusha vishale nako ni kazi ya kulipwa, nikaona nikuandikie kabisa maana ile siku ningeanza kuelezea bando lingekata katikati.

Ni kazi, tena ya hela ndefu. Haya yalikuwa mashindano ya dunia ya PDC, chama cha wachezaji wa vishale wa kulipwa, yameanza tarehe 15 Desemba na fainali imepigwa Jumatano tarehe 3 Januari 2024. Wachezaji 96, ukipigwa mara moja tu unafungasha. Bingwa alibeba paundi 500,000, aliyepoteza fainali aliondoka na 200,000. Kwa kurusha vishale mjomba!

Yanachezwa Alexandra Palace, jumba moja kubwa la tangu 1875 liko juu ya kilima kaskazini mwa London, hapo hapo ndo BBC walianzia kurusha televisheni mwaka 1936. Mimi nimebahatika kuingia usiku wa tarehe 20 Desemba, kuna mwenzangu kazini alibakiwa na tiketi ya mtu aliyeghairi. Aisee nilichokikuta humo sikukitegemea. Nilidhani watu watakaa kimya kama kwenye chess, kumbe ni meza ndefu ndefu, bia kwenye majagi, watu wazima wamevaa mavazi ya ndizi, wengine masista, wengine mapolisi, wanaimba toka mwanzo mpaka mwisho na nusu yao wameligeuzia mgongo jukwaa. Lakini mchezaji akipiga pointi 180, ndo nyingi zaidi kwa vishale vitatu, refa anaivuta kwa sauti we, ukumbi wote unanyanyua makaratasi yaliyoandikwa 180 na hapo hata mimi nilijikuta nimesimama na sijui hata nimemshangilia nani.

Mchezo wenyewe ukiuangalia juu juu utadhani ni shabaha tu. Wanasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, kila mtu anaanza na pointi 501 na anapunguza, vishale vitatu vitatu kwa zamu. Kila namba ina tripo, kile kijistari cha ndani kinachozidisha mara tatu, na dabo, kijistari cha nje cha mara mbili, na vyote upana wake ni kama milimita 8 hivi. Tripo ya 20 ndo kubwa kuliko zote, 60, ukipiga zote tatu ndo hiyo 180. Sasa aliyepanga ule ubao alikuwa na roho mbaya, pembeni ya 20 kaweka 1 huku na 5 kule, yani ukikosa kidogo tu umeambulia makombo. Afu kumaliza lazima ufike sifuri kamili na kishale cha mwisho kiingie kwenye dabo, au katikati kabisa ya ubao ambapo ni 50. Kwahiyo mtu amebakiwa na 121 anatakiwa ajue papo hapo anaanzia wapi, na kishale cha kwanza kikienda pabaya anabadilisha hesabu akiwa mguu bado uko kwenye mstari. Wewe unavyojua bao mjomba hii ungeielewa siku moja tu. Ukishinda michezo mitatu umepata seti, na fainali anatakiwa mtu wa kwanza kufika seti saba.

Haya, dogo. Anaitwa Luke Littler, anatokea Warrington, miaka 16. Kumi na sita! Kwenye viwango vya dunia alikuwa wa mia na sitini na kitu, hakuna aliyekuwa anamuwaza. Usiku nilioenda mimi ndo ulikuwa mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Christian Kist wa Uholanzi, na jirani yangu pale mezani aliniambia huyu mtoto muangalie vizuri, mimi nikajua ni maneno ya pombe. Akashinda seti 3-0 na avareji ya 106.12, hiyo ni pointi kwa kila vishale vitatu, na hakuna mgeni wa mashindano haya aliyewahi kufika hapo mechi ya kwanza. Kinachoshangaza sio namba, ni vile anavyorusha. Haraka haraka, hana mbwembwe, hata jasho hana, utadhani yuko chumbani kwao.

Baada ya hapo nikawa naangalia kwenye TV. Kesho yake tu akamtoa Andrew Gilding, baada ya Krismasi Matt Campbell, halafu akakutana na Raymond van Barneveld, huyu ni bingwa wa dunia mara tano, ana miaka 56, yani kamzidi dogo miaka arobaini. 4-1 dogo. Brendan Dolan 5-1. Nusu fainali Rob Cross, ambaye naye 2018 alichukua ubingwa mara yake ya kwanza tu kushiriki na alitoka kufufuka robo fainali akiwa nyuma 4-0 akashinda 5-4, nikasema hapa mtoto anakutana na mwanaume. 6-2 dogo. Kila akishinda anaulizwa kapanga nini anasema anaenda kula kebab, basi nchi nzima ikawa inaongelea kebab.

Sasa mjomba video ulizotumiwa zote ni za dogo, na magazeti ya huku pia, ila aliyeshinda ni mtu mwingine na mimi naona ndo mwenye stori. Anaitwa Luke Humphries, majina yamefanana, ana miaka 28. Huyu zamani alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Miaka michache nyuma alikuwa anapata wasiwasi mkali jukwaani, moyo unaenda mbio mpaka anashindwa kucheza, na alilisema wazi hadharani, kitu ambacho wanaume wengi hawakisemi. Akajitengeneza, akapungua mwili sana, na kabla ya mashindano haya akabeba makombe makubwa matatu ndani ya muda mfupi, kwahiyo alikuja kama anayetegemewa. Lakini nusura aende nyumbani mapema, raundi ya tatu yule Mjerumani Ricardo Pietreczko alimtangulia 3-1 akageuza ikawa 4-3, raundi iliyofuata na Joe Cullen tena 4-3, nilikuwa nimeshika kichwa. Alipovuka hapo sijui nini kilimuingia, Dave Chisnall 5-0, Scott Williams 6-0. Huyo Williams ndo aliyemtoa Michael van Gerwen, bingwa wa dunia mara tatu, usiniulize imekuwaje.

Fainali yenyewe walikuwa wanapokezana, mara huyu mara yule, mpaka 2-2. Halafu dogo akachukua mbili mfululizo, 4-2, na ukumbi wote uko upande wake. Seti ya saba wamefika mchezo wa mwisho, dogo amebakiwa na 4, anatakiwa kupiga dabo ya 2 tu iwe 5-2. Akakosa. Kishale kimoja mjomba. Humphries akaingia akamaliza, ikawa 4-3 badala ya 5-2, na kutoka pale dogo hakupata seti nyingine, Humphries akachukua tano mfululizo, 7-4. Na usidhani mtoto aliporomoka, avareji yake ilikuwa juu ya 101, miaka mingine hiyo unabeba kombe, ila mwenzake alikuwa 103.67 na hakumpa nafasi ya kupumua. Watu wanasema bahati, mimi nakataa. Mtu ambaye zamani jukwaa lilikuwa linamtetemesha amesimama pale maelfu wanamuombea akose na yeye anaingiza dabo moja baada ya nyingine, bahati gani hiyo?

Baada ya mechi alisema kichwani alikuwa anajiambia alichukue hili sasa hivi maana dogo atakuja kushinda mengi. Nilicheka, ila ni kweli. Televisheni ya Sky walisema kuna wakati walikuwa wanaangalia watu milioni 3.71, kwao ukitoa mpira hawajawahi kupata watu wengi hivyo, na hao hawakukaa kwa ajili ya Humphries tuseme ukweli.

Wote wawili wameitwa Premier League ya vishale, inaanza tarehe 1 Februari 2024 kule Cardiff, kila Alhamisi usiku mji tofauti, na dogo atakuwa ametimiza 17. Nitakutumia matokeo kila wiki. Mimi niko na fundi wa mapaa, najua wewe na watoto mtakuwa na dogo, basi tutaona. Mama mwambie hela nimetuma kwa njia ile ile, na umsomee hii barua lakini hapo kwenye majagi ya bia paruke.

Mpwa wako