Pensheni haina ada, wastaafu tunaliwa mchana kweupe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako maana haya mambo yamezidi hapa Tororo, Uganda, na wenzangu wa Jinja na Gulu wananiambia huko nako ni hivo hivo.

Kuna mzee jirani yangu, alistaafu jeshini zamani, juzi kapigiwa simu. Mtu anaanza "Jambo afande," halafu anamtajia namba yake ya jeshi yote bila kukosea, anamtajia na kikosi cha mwisho alichotumikia, anamwambia faili lako tumelipata Mbuya, kule Wizara ya Ulinzi Kampala, kuna malimbikizo ya milioni 18 yamelala tu, tuma laki tatu na nusu kabla ya saa kumi tukufungulie mfumo, ukichelewa faili linarudi stoo. Mzee akauza mbuzi wake wawili mbio mbio bei ya hasara, akatuma. Baadae wakataka laki mbili zingine eti za sahihi ya mkubwa, alipoanza kuuliza maswali namba ikazimwa mpaka leo.

Sasa mimi nauliza, namba ya jeshi ya mtu wameitoa wapi? Haijaandikwa kwa paji la uso. Kuna mtu mahali anauza orodha za majina yetu na wakubwa wakitaka kumjua watamjua. Wala tusijifanye hatukumbuki 2012, ile kashfa ya Wizara ya Utumishi wa Umma, mabilioni yakalipwa kwa wastaafu hewa huku wenye jasho lao wanazungushwa njoo kesho, njoo wiki ijayo.

Tena hawa jamaa wana akili. Sisi tuliokaa kambini, mtu akikuita afande kwa Kiswahili cha paredi unamwona ni ndugu, unalegea. Angekupigia kwa Kiingereza ungestuka. Ndio maana naomba redio zetu zitangaze kwa Kiswahili hicho hicho, sio kubandika karatasi za Kiingereza kwa ukuta wa ofisi: pensheni haina ada. Faili halilipiwi, sahihi hailipiwi, na NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, hawakutozi hela ndo wakupe akiba yako. Kama ulikuwa serikalini nenda wilaya uliyostaafia uulize, kama ni jeshi panda gari ufike Mbuya mwenyewe, nauli inauma najua lakini haifiki laki tatu na nusu.

Vijana wa kampuni nao wasicheke. Toka sheria ibadilishwe 2022, mtu aliyefika miaka 45 na ameweka akiba NSSF miaka 10 anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu, mwenye ulemavu anaanza miaka 40 na anaweza kufika nusu. Basi madalali nao wakatokea, lete kitambulisho na namba ya siri nikusukumie maombi. Ya nini? Unaomba mwenyewe, bure. Na kila mara angalia taarifa ya akaunti yako, wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara na bosi anatakiwa kuongeza 10, wako wanaokata hiyo 5 na haifiki kokote.

Lakini Mhariri, kwangu mimi mwizi wa simu ni afadhali, huyo anakula mara moja. Wanaonichoma roho ni wakopeshaji wa mjini. Mzee ana shida ya karo ya mjukuu, anakopa laki tano, anaacha kadi ya ATM na namba ya siri. Ikifika tarehe 28 nenda kasimame karibu na mashine uone, utakuta kijana mmoja ana kadi zimefungwa kwa raba, nyuma ya kila kadi kuna kikaratasi kimebandikwa namba imeandikwa kwa kalamu, anaingiza moja anatoa, anaingiza nyingine anatoa, na askari wa mlangoni anamsalimia vizuri tu! Wazee wenyewe wako nje kwa kivuli wanangoja warushiwe kilichobaki. Ukiuliza deni litaisha lini hakuna anayejua maana hesabu iko kwa daftari la mkopeshaji peke yake. Kanuni za nchi hii zinamkataza mkopeshaji kushika kadi ya ATM au kitambulisho cha taifa kama dhamana, sasa hiyo tarehe 28 wanaofuatilia sheria huwa wako wapi?

Kiinua mgongo nacho kikiingia tu wanakujia kama nzi kwa bucha, huyu na shamba la kuku, huyu na sarafu za mtandaoni. Dunamiscoins 2019 iliahidi faida kubwa ya kila mwezi, Desemba watu wakakuta ofisi zimefungwa. Ushauri wangu ni hela ikae miezi sita bila kuguswa, na kabla hujaweka kwa mfuko wowote wa akiba ya uzeeni uliza URBRA kama wanautambua, hao ndio wasimamizi wa mifuko ya pensheni na wapo toka 2011. Watoto wakinuna waache wanune.

Ombi langu kwa RDC wetu, yule mwakilishi wa rais hapa wilayani, na polisi ni moja, tarehe 28 ijayo tumeni mtu amevaa kiraia pale kwa mashine za ATM asubuhi, hatahitaji hata kuuliza swali, na kadi zikikamatwa zirudishwe kwa wenyewe hapo hapo bila kuwaitisha chochote.

Mstaafu, Tororo