YAH: Kadi za mbwa mwitu zinazojitaja zenyewe

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu boksi la mchezo wa mbwa mwitu kwa shilingi 45,000, ule ambao kadi za siri huwafanya wachache mbwa mwitu na waliobaki wanakijiji wanaowasaka kwa kuhojiana. Jumamosi tulikaa barazani watu kumi, mimi nikiwa msimamizi. Nikagawa kadi, nikatangaza usiku, watu wakafumba macho. Kulipokucha, kabla hajatuhumiwa mtu, mwanangu wa miaka tisa akanyoosha kidole: "Mjomba ni mbwa mwitu. Kadi yake imekoza."

Nikazikusanya, nikazipanga kifudifudi mkekani. Kweli. Migongo ya kadi karibu zote ni buluu iliyopauka. Ya mbwa mwitu wawili imekoza kama wino, na ukiziweka pamoja na nyingine zinachomoza kwa unene wa ukucha. Ya mwonaji, mwanakijiji anayeruhusiwa kujua kwa siri nani ni nani, ndiyo balaa: nembo yenu imechapwa kichwa chini miguu juu.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwa upole kwamba tofauti ndogo ya rangi haiathiri matumizi. Kwa kadi za kufundishia watoto hesabu, sawa. Hapa mbwa mwitu ni wachache lakini wanajuana. Wanakijiji ni wengi lakini kila mmoja yuko gizani. Mgongo wa kadi ukishasema, hakuna wa kuhojiwa wala wa kudanganya. Shemeji yangu, ambaye kwa kutunga uongo sijamwona wa kumfikia hapa Tanga, alikaa kimya kama mgeni.

Mchezo huu Dimitry Davidoff aliubuni Moscow miaka ya 1980, ukiwa wa genge la mafia na raia; Andrew Plotkin wa Marekani akawaingiza mbwa mwitu mwaka 1997. Unachezeka hata kwa karatasi. Nasi usiku ule tulimalizia kwa vipande vya daftari vilivyokunjwa mara nne, na vilitutosha. Sasa hizo 45,000 nilizitoa kwa ajili ya nini, kama si migongo inayofanana?

Kijana alinishauri ninunue vifuko vya kuvalisha kadi. Sitalipa mara ya pili kuficha kosa lenu. Naomba mnibadilishie kadi zote, si hizo tatu tu (tatu mpya zitang'aa katikati ya zilizoshikwashikwa, turudi pale pale), au mnirudishie fedha ndani ya siku 14. Nimeambatanisha risiti na picha za migongo. Picha hazina maelezo. Mtawatambua mbwa mwitu wenyewe.

Wenu,
Mteja, Tanga