Shukrani kwa dada wa eksirei, zamu ya usiku

Dada, jina lako sikulipata, lakini shukrani hizi ni zako. Mwanangu alimeza sumaku za kichezeo, na picha ya kwanza ilionyesha kidoa kimoja tu. Mtoto mwenyewe anacheka, hana habari! Mwingine angeturudisha nyumbani tukasubiri choo. Wewe ukamlaza ubavu, ukapiga ya pili: kumbe ni mbili, zimegandana. Ukamwita daktari papo hapo, ukatuzuia kumpa hata maji, ukatueleza kwamba sumaku zikiachana njiani huvutana kupitia kuta za utumbo, zikaubana mpaka ukatoboka. Zilitolewa kwa kamera kupitia mdomoni, kabla hazijashuka utumboni. Wazazi wenzangu, mtoto akimeza sumaku msingoje alie. Kimbieni hospitali saa ileile.