Waulizeni vijana vizuri kabla ya kuwaita waliokata tamaa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sijawahi kuwaandikia. Nimesoma humo mengi nisiyoyaafiki, nikanyamaza. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya ukurasa wa mbele iliyowaita vijana wa leo kizazi kilichokata tamaa bila shaka unaikumbuka, maana mliifuatishia tahariri ya kuwaasa waache kulalamika na wajifunze kuwa na matumaini na jamii yao.

Nilifundisha somo la uraia mpaka nikastaafu. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa na watoto wa watu walio kwenye umri huo mnaousema, na kizazi kilichokata tamaa sijakiona. Niliowaona ni vijana ambao kwa kinywa kilekile watakwambia kwamba maisha yao yatanyooka na kwamba jamii inaharibika. Hakuna mgongano hapo. Kijana anajua anajituma kiasi gani, anajua anasomea nini na nani atamshika mkono akikwama. Mambo ya jamii yanaamuliwa kwenye vikao asivyoitwa. Haya ni maswali mawili, na mwandishi wenu ameyakoroga yakawa moja, kisha jibu lilipomtisha akamtupia lawama aliyelijibu.

Tafiti zipo, angezisoma. Mwaka 2021 UNICEF na Gallup, kampuni ya kura za maoni, waliwahoji watu zaidi ya 21,000 katika nchi 21, wakiwalinganisha vijana wa miaka 15 hadi 24 na watu wa miaka 40 kwenda juu. Vijana ndio walioelekea zaidi kusema kwamba dunia inazidi kuwa mahali pazuri kila kizazi kinapopita. Walioona giza zaidi ni sisi watu wazima. Mwaka huohuo jarida la The Lancet Planetary Health likachapisha utafiti mwingine, wa vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 kutoka nchi 10, walioulizwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Asilimia 75 walisema mustakabali unawatisha, na zaidi ya nusu walikubali kwamba binadamu wamekwisha. Je, vijana ni vigeugeu? Hata kidogo. Wale wa kwanza waliulizwa kuhusu dunia kizazi hadi kizazi, na wana haki ya kuiona imepiga hatua: mwaka 1990 watoto zaidi ya milioni 12 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi milioni 4.9. Wa pili waliulizwa kuhusu joto linalopanda na wakubwa wanaoahidi bila kutenda. Kila kundi lilijibu lililoulizwa, na lilijibu kweli tupu.

Tazameni na Japani, nchi tajiri na yenye amani. Mwaka 2019 taasisi ya Nippon Foundation iliwauliza vijana wa miaka 17 hadi 19 wa nchi tisa. Vijana wa Japani walioamini kwamba nchi yao itakuwa bora hawakufika hata asilimia 10. Walioamini kwamba wao wenyewe wanaweza kuibadilisha nchi au jamii yao hawakufika asilimia 20. Mimi nazisoma takwimu hizo mbili pamoja. Mtu ambaye haamini kuwa neno lake lina uzito mahali popote, atayatoa wapi matumaini na mahali hapo? Mkitaka kujua kwa nini vijana hawaitumainii jamii, anzieni hapo, msianzie kwenye tabia zao.

Nieleze na nililolishuhudia mwenyewe. Nilialikwa kwenye kongamano la vijana, sitawataja walioliandaa. Ukumbi ulifurika, vijana wamevishwa fulana zilizoandikwa kwamba wao ndio kesho yetu. Mgeni rasmi alichelewa mno, na muda wote huo waliimbishwa na kupigishwa makofi. Alipofika akashika kipaza sauti na kusema: anayeamini jamii yetu itakuwa bora miaka ishirini ijayo, anyooshe mkono. Ikanyooka mikono michache, mingine imeishia usawa wa bega. Binti mmoja aliyekaa mbele yangu aliinua wake, akaushusha, akainama kuandika kwenye daftari. Mgeni rasmi akakunja uso, na kuanzia hapo hotuba aliyokuja nayo akaiweka kando, akawageukia: mmedekezwa, mnashinda kwenye simu, wenzenu wa zamani walikuwa na moyo, ninyi mnasubiri mtafuniwe. Alisema hivyo mpaka baadhi yao wakawa wanatazama sakafu. Yule binti alipopata nafasi ya kuuliza swali akasimama, akaamkia kwa adabu zote, kisha akasema: “Mzee, ulituuliza kuhusu maisha yetu au kuhusu jamii? Maana maisha yangu nayapanga mimi, ila ya jamii mnapanga ninyi.” Swali zuri kuliko lolote lililoulizwa siku ile! Mshereheshaji akamnyang'anya kipaza sauti, akatangaza kwamba muda umekwisha na watu wajipange kwa picha. Baadaye nilimwomba binti yule anionyeshe alichoandika. Alikuwa ameugawa ukurasa kwa mstari. Upande mmoja: mtihani wa kurudia, ufundi umeme anaotaka kusomea, mdogo wake anayetaka kumsomesha. Upande wa pili: ajira za kujuana, ukame, vita, na uchaguzi ambao umri wake haumruhusu kupiga kura. Mtoto huyo ndiye aliyeambiwa mbele ya watu kwamba hana moyo.

Na hizo picha zenyewe zimenichosha. Tangu nikiwa kijana mimi tunaitwa taifa la kesho, na hiyo kesho haina tarehe. Kijana anaitwa kupamba mkutano, anavaa fulana, anapigwa picha amesimama nyuma ya wakubwa, kisha wakubwa wanaingia chumba cha ndani kuamua. Umoja wa Mabunge Duniani ulipohesabu mwaka 2023 ulikuta wabunge wenye miaka 30 au chini ya hapo ni asilimia 2.8 tu, ilhali karibu nusu ya watu wote duniani hawajafikisha umri huo. Zipo nchi ambako kijana anaruhusiwa kupiga kura lakini akitaka kugombea anaambiwa asubiri miaka kadhaa. Halafu tunashangaa akisema jamii haimsikilizi.

Tahariri yenu ilikosea pia kudhani kwamba mwenye hofu ni mtu aliyekaa tu. Greta Thunberg, msichana wa Sweden, alikuwa na miaka 15 alipoketi nje ya bunge la nchi yake mwezi Agosti 2018, peke yake, akidai hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Miezi michache baadaye, Januari 2019, aliwaambia wakubwa waliokutana Davos, Uswisi, kwenye mkutano wa uchumi wa dunia, kwamba hataki matumaini yao, anataka waingiwe na hofu. Septemba mwaka huohuo mamilioni ya watu, wengi wao vijana, waliandamana katika miji ya dunia. Hofu ndiyo iliyowatoa nyumbani. Aliyekata tamaa haandamani, wala hasimami ukumbini kumuuliza mgeni rasmi swali gumu.

Ninaloomba linawezekana. Mkiandika tena kuhusu matumaini ya vijana, lichapisheni swali walilojibu, neno kwa neno, na umri wa waliolijibu. Swali la maisha yangu liwe peke yake, na la jamii yetu liwe peke yake. Maswali hayohayo waulizeni watu wa miaka 40 na kuendelea, majibu yao yakae safu ya pembeni tuyaone. Wanaoandaa makongamano nao wabadilishe ratiba: vijana waseme kwanza kwa saa nzima, mgeni rasmi awe amekaa anaandika, na akisimama ajibu aliyoyasikia. Picha zipigwe baada ya majibu.

Tena mwandishi wenu awarudie vijana walewale aliowahoji. Awaulize ni uamuzi gani wa jamii waliwahi kushirikishwa na maoni yao yakafuatwa. Majibu yao yachapwe ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kama zile mlizotumia kuwaita waliokata tamaa.

Mwalimu mstaafu wa uraia