Oili kwenye mashimo ya plagi: usikubali injini ishushwe

Tanga

Kaka Shabani,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na pale uliposema fundi amekutajia ovahoo, yaani injini ishushwe na kufunguliwa yote, nikaurudia. Huku sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza lini utaleta watoto wajue bahari. Hilo utamjibu mwenyewe.

Mimi nikujibu la gari. Umesema mwisho wa mwezi injini ya Corolla yako inashushwa kwa sababu kuna oili kwenye plagi. Usiishushe kabla hujasoma haya.

Swali la kwanza ni hiyo oili imekaa wapi. Plagi ina uzi unaoikaza kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Ncha inayotoa cheche iko chini ya uzi, ndani ya silinda. Ringi za pistoni zikiwa zimekwisha, au sili za valvu, oili utaikuta kwenye ncha: nyeusi, imelowana, na nyuma ekzosi inatoa moshi wa bluu. Lakini oili iliyo juu ya uzi, inayolowesha ile kauri nyeupe na mpira wa waya, haikutoka chini. Imeteremka kutoka juu. Kwenye picha zako ncha zote ni kavu, zina rangi ya kahawia, na moshi umesema hakuna. Sasa ringi zimeingiaje hapo? Simwiti fundi wako mwongo, ila mtu aliyezoea kushusha injini huona kila ugonjwa unataka injini chini.

Hiyo injini yako ya 5A ina kem shafti mbili (vyuma vinavyofungua valvu), na plagi zimekaa katikati yake, ndani ya mirija minne inayosimama kutoka kwenye hedi hadi kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini. Chini ya kava oili inarushwa huku na huku muda wote injini inapozunguka. Kinachoizuia isiingie kwenye mirija ni pete nne za mpira, basi. Gari lako ni la miaka ya 1990, na kama pete hizo hazijawahi kubadilishwa zimepikwa na joto tangu siku hizo. Mpira ukikakamaa haubani tena. Oili ikipata njia inajaa kwenye shimo taratibu, inaulegeza mpira wa waya ya plagi, cheche inarukia ukuta wa mrija badala ya kushuka kwenye ncha, na gari linaanza kumisi, yaani silinda inakosa kuwaka, hasa kwenye mlima. Usiendelee kuliendesha hivyo kwa muda mrefu, maana petroli isiyoungua inakwenda kuiharibu katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, kama yako bado ipo.

Dawa ni gasketi ya tapeti kava pamoja na hizo pete nne. Nunua seti nzima, na ukifika dukani usiseme "Corolla 110" tu, kwa kuwa kuna 110 zilizokuja na injini ya 4E ya cc 1300 na nyingine na 4A ya 1600. Taja 5A. Ukikosa Morogoro, mwombe anayekwenda Dar akupitie Gerezani kwenye maduka ya spea. Angalia mpira wake ubonyee kwa kucha. Mpira uliokaa dukani mpaka ukawa mgumu hauna faida.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja, injini ikiwa imepoa. Ziwekee alama waya za plagi kabla ya kuzichomoa. Halafu, hapa ndipo wengi wanaharakisha: usifungue plagi wakati shimo bado limejaa. Ukifungua, oili yote inamwagikia ndani ya silinda, na mchanga wa shimoni unaifuata. Inyonye kwanza kwa sirinji yenye kipande cha mrija wa dripu, futa kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye bisibisi, piga upepo, ndipo ufungue. Ikiponyoka kidogo usihangaike, itaungua kwa moshi ukiwasha.

Kava likishatoka, chokoa pete za zamani bila kukwaruza sehemu zinapokaa. Safisha mpaka pakauke kabisa. Pete mpya zisukume zikae sawasawa pande zote, na midomo yake uipake oili kidogo ili isijikunje kwenye mrija. Silikoni iwekwe kwenye zile kona tu ambako vikalio vya mbele vya kem shafti vinakutana na hedi. Fundi akianza kuizungushia kava lote, mzuie. Vipande vinavyoning'inia ndani hukatika, huanguka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo ndipo utaijua ovahoo kweli. Nati za kava zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kwa nguvu ya kiganja, si ya bega. Ukikaza kupita kiasi, mpira unatoka nje na kava linapinda.

Plagi mpya ikishagota kwa mkono, iongeze nusu mzunguko. Mwenye torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, aweke Nm 18. Waya zenye mipira iliyolainika usizirudishe, hata kama zinaonekana safi ukizifuta.

Kabla ya kufunga boneti, chomoa valvu ya PCV, ile ya kupumulia injini, juu ya kava na uitikise sikioni. Isipogonga ndani, imeziba; hewa ya injini inakosa pa kutokea na itazisukuma hata pete mpya. Isafishe kwa kabureta klina, au weka nyingine.

Na hao wanaokushauri uweke oili nzito ili isivuje, waache. Itapita palepale kwa kuchelewa kidogo, na asubuhi itachelewa kufika juu kwenye kem.

Ukimaliza, nenda nalo Mikumi na kurudi, kisha chomoa waya uangalie mashimo. Yakiwa makavu, imekwisha. Ncha ya plagi yoyote ikirudi imelowana, nipigie kabla hujamlipa mtu, tutapima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, kwanza.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Kombo